Mwanya Usawa wa Macho

Fundi wa uzio alizungumza na misumari mdomoni, na kila nguzo aliyoisimamisha aliipiga kofi, akaiegemea kwa bega, ndipo akaiamini. Mwenye nyumba alimwita kwa sababu mama yake, aliyeanza kusahau, alikuwa akitoka na kupotea mitaani. "Ziba kote, fundi, pasibaki hata tundu." Fundi aliguna tu. Aliomba kiti cha mama, akakikalia, akajikunja hadi kimo cha bibi kizee, akachora alama ya penseli usawa wa macho, kisha akaacha mwanya kati ya mbao mbili. "Haya mama, kaa. Barabara unaiona?" Mama akachungulia. "Naiona. Na yule jirani mbea namwona pia." Alasiri nzima hakuulizia njia ya kutokea.