Salamu Zilizojaza Kisanduku Changu

Nilisoma hadi darasa la saba, miaka ambayo binti wa wafugaji akifika la tatu watu walikuja kumtazama. Kwa hiyo siku fundi Abdiqani alipopanda juu ya bati langu hapa mtaa wa Waberi kufunga kile kisanduku, sikumwacha afunge tu. Nilimuuliza kila waya unakwenda wapi.

Kisanduku chenyewe ni kama kipande cha sabuni, kina antena na sola yake. Kinachukua ujumbe kwenye simu na kuurusha kwa redio hadi kisanduku kingine, na hicho hadi kingine, bila kampuni yoyote ya simu kuingia katikati. Mafundi wanakiita nodi. Jirani yangu Kaaha alikuwa na chake, akaniambia nitumie hicho hicho. Nikamwambia, "Maneno yangu hayapiti kwa paa la mtu."

Abdiqani alicheka huko juu hadi koleo likamponyoka. "Eddo Weris," alisema, akiniita shangazi kama vijana wote wa hapa, "kila neno linapita kwa paa la mtu. Ndiyo kazi yake hii."

Haya. Nilikinunua kwa ajili ya mdogo wangu Hirsi, anayechunga ngamia wangu kumi na mmoja pamoja na mifugo yake. Anakochunga simu haishiki. Mjini tuko nyumba tano zenye visanduku, kimoja kiko kwa Kadar kwenye kisima cha pampu katikati ya njia, na kimoja anacho Hirsi.

Ujumbe mmoja unabeba mistari minne tu. Aliyekitengeneza nadhani hana ndugu. Zamani mjumbe akitoka malishoni alipewa chai, akaulizwa amani, mvua, nyasi, watoto, wazee. Mahali mifugo ilipo alipataja akiwa kwenye kikombe cha tatu. Hirsi anaandika vile vile.

Alhamisi ile lori la maji lilikuwa liondoke baada ya sala ya adhuhuri. Silanga ya Hara Yare, bwawa walilokuwa wakinyweshea, ilikuwa imekauka, Hirsi alikuwa amehama, mbuzi walikuwa hawajanywa siku tatu na watoto wamebakiziwa mitungi miwili. Dereva Guleid alitaka jambo moja kutoka kwangu: wamehamia wapi? Saa nne ujumbe wa Hirsi ukaingia:

"Asalaamu aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Abaayo Weris, dada yangu, mko wazima? Nyumba yote? Goti lako? Kaaha na watu wake? Sisi ni nabad, amani tupu, alhamdulillahi. Upepo ni mwingi. Mawingu tunayaona, mvua hatujaiona. Habari yenyewe ni"

Ukaishia hapo. Wa pili ulipotea, maana nyumba zote zilikuwa zinamrudishia salamu kwa mkupuo, na redio hizi watu wakisema pamoja hazimsikii hata mmoja.

Nikapaza sauti juu ya ua. "Kaaha! Acha kuandika!"

"Salamu ya Hirsi nisiijibu? Atasema nimenuna."

"Mmoja akijibu imewatosha wote. Hukusoma chuoni?"

"Nilisoma. Na huyo mmoja ni mimi."

Nikamwandikia Hirsi: salamu, kisha uko wapi? Akajibu mistari minne, hata kuku wangu aliwaulizia. Mahali hakutaja. Adhuhuri ikapita, lori likapiga honi mlangoni.

"Eddo, niende wapi?" Guleid alisema bila kushuka.

"Ngoja kidogo."

"Maji yanangojwa na watu wengi, eddo. Nakwenda Hara Yare. Nikiwakosa, nimewakosa."

Hasira zikanipanda. Nikaandika bila salamu, jambo ambalo sijalifanya tangu nizaliwe: "Hirsi. Jina la mahali. Neno moja."

Guleid akaondoka. Vumbi lake lilikuwa bado halijatua jibu lilipoingia: "Wewe ni nani? Dada yangu haongei hivi. Simu yake umeipata wapi? Mifugo hii hutaiona."

Mwizi! Mimi, niliyembeba mgongoni kutoka kisimani! Wala siwezi kusema alikosea, maana wezi wa mifugo wapo na simu wanazo. Nikaanza upya: salamu yote, mama yetu, baba yetu, na jina la ngamia jike aliyetunusuru ukame wa themanini na nne. Ndipo akaandika, "Dhagah Madow. Mbona hukusema ni wewe?"

Bahati ni kwamba lori linajazia maji kwenye kisima cha Kadar. Nikamwandikia amwambie Guleid aende Dhagah Madow, si Hara Yare. Salamu nilitanguliza, nisije nikaitwa mwizi mara ya pili.

"Waaleikum salaam, eddo," Kadar akajibu. "Goti linaendeleaje?"

"Kadar, lori!"

"Lipo, linajaza. Nimemwambia. Sasa goti je?"

Nilikaa na simu mapajani hadi alasiri. Ujumbe wa Hirsi ulipoingia nilisoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Amani, upepo, mawingu, shukrani kwa Kadar. Kwenye mstari wa nne ndipo alipoandika: "Maji yamefika, mbuzi na watoto wamekunywa. Jumapili tunahama tena, mahali"

Na hapo nafasi ikamwishia.