Mama Aliyenijulisha kwa Watu

Mwaka wangu wa pili wa kusoma lishe, mwalimu wetu alituambia kwamba diploma peke yake hapa Lubumbashi haimfikishi mtu popote. "Muende ku mikutano," alisema. "Bantu babajue." Yaani, watu watujue. Basi nikaenda. Niliazima viatu vya dada yangu, nikapanda pikipiki kutoka mtaa wetu wa Hewa Bora mpaka hoteli moja mjini, ambako madaktari, wauguzi na wataalamu wa lishe walikutana kuzungumza juu ya chakula cha wagonjwa wa sukari. Ilipofika saa ya chai, nilikuwa sijasema neno na mtu. Nilisimama kando ya birika, mgongo ukutani, nikajifanya nasoma bango.

"Mutoto, hiyo ukuta haitaanguka. Acha kuishikilia. Kuya huku."

Aliyesema alikuwa mama mmoja mnene, amevaa kitambaa cha maua makubwa. Alikuwa mtaalamu wa lishe katika hospitali moja ya mjini, na baba yake alikuwa ametoka Kasai zamani kutafuta kazi. Alinishika mkono kama tunajuana, akanipeleka kwa daktari mmoja mrefu mwenye miwani.

"Dokta, huyu njo mutoto wangu. Eko anasoma diététique. Umuangalie muzuri."

Tulipoachana na daktari, alininong'oneza: "Usiombe kazi. Uliza muntu kazi yake iko namna gani. Bantu banapenda kuulizwa. Kazi itakuya yenyewe."

Siku hiyo alikula sahani mbili za bukari, ugali wetu, na samaki, akacheka huku akisema wagonjwa wake wakimwona hawatamsikiliza tena. Nilirudi nyumbani nikiwa nimewajua watu kadhaa, na mama yangu, anayeuza unga katika soko la mtaa wa Kenya, akasema Mungu amenifungulia mlango.

Mkutano uliofuata ulikuwa wakati wa baridi, vumbi jekundu limekaa juu ya kila kitu. Miezi ile tulikuwa tunafundishwa shuleni kuusoma mwili: kuangalia shimo kwenye panda za uso, kando ya macho, bonde juu ya mfupa wa bega, nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha pili. Tulifanyia mazoezi kila mtu, hata abiria wa basi, mpaka jicho likazoea.

Mama yule aliponipa mkono mlangoni, vidole vyangu vilijua kabla yangu. Ile nyama haikuwapo. Pete yake ilikuwa imezungushiwa uzi ili isianguke. Alikuwa na kicheko kilekile, lakini alikitoa kwa kipimo, kama mtu anayebakiza mafuta ya gari.

Wakati wa kula alijaza sahani, akaishika, akatembea nayo kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine akinivuta nyuma yake. Alinijulisha kwa mkuu wa jiko la hospitali, kwa sista anayesimamia kituo cha watoto, kwa mzee mmoja wa wizara. Mwishoni aliiweka sahani chini ya meza vilevile ilivyokuwa.

"Maman, na weye hautakula?"

"Nilishakula ku nyumba."

Karibu na mlango, vijana walikuwa na meza wakionyesha utepe wa rangi unaozungushwa mkononi kupima kama mtu ana utapiamlo. Watu walikuwa wanapimana kwa mchezo, wakicheka. Kijana mmoja akamnyooshea mama yule utepe. "Maman, lete mukono."

Aliurudisha mkono nyuma haraka sana, akaufunika kwa kitambaa.

"Hapana. Mie balishanipima."

Wenzangu walicheka. Mimi niliangalia sakafu. Usiku ule, na nyingi baada yake, niliota mkono ule.

Safari ya tatu mvua zilikuwa zimeanza. Nilimkuta amekaa kwenye kiti nyuma ya ukumbi, koti zito begani ingawa watu walikuwa wanajipepea. Sikumtambua mara moja. Hakuzunguka tena. Alinituma niwaite watu, mmoja baada ya mwingine, nao wakaja wakainama kumsalimu, naye akamwambia kila mmoja neno lilelile: "Huyu njo atafanya mambo yangu." Walikubali haraka, wakaondoka haraka. Niliona kwamba hakuna aliyemuuliza hali yake, ukumbi mzima wa watu wanaojua mwili.

Kisha umeme ukakatika. Mapazia yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya picha zilizokuwa zikionyeshwa ukutani, kwa hiyo giza likawa zito ingawa ilikuwa mchana. Watu waliguna, wakangoja jenereta. Nilisikia pumzi yake karibu nami, fupi, yenye sauti ndogo ndani yake. Nikaona kama nisiposema pale sitasema tena.

"Maman, uko unakonda. Na si kidogo."

Halafu mkono wake ukanitafuta, ukanishika.

"Tangu lini uliona?"

"Tangu wakati wa baridi. Ku mukono."

"Muzuri," alisema polepole. "Basi banakufundisha muzuri. Bwana yangu anasema ni juu ya mawazo. Iko ku tumbo, mwanangu. Balishaangalia hapa, balishaangalia ku Lusaka. Hakuna kitu ya kufanya."

"Mimi nifanye nini?"

"Ungeniandikia nini, kama ningekuwa mugonjwa yako?"

Nilijaribu. Nilisema uji mwepesi wenye karanga, kidogo kidogo, mara nyingi. Nilisema munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, kama tumbo linakikubali. Alisikiliza mpaka mwisho kama mwalimu anayesikiliza mtihani.

"Ongeza chumvi kidogo," alisema.

Taa zilipowaka, alikuwa ameuachia mkono wangu, anamtabasamia mtu mwingine.

Alifariki kabla ya mvua kwisha. Nilienda kwenye kilio na mama yangu. Chini ya hema la plastiki, kwenye viti vilivyopangwa uani, nikawakuta wote: daktari mrefu, mkuu wa jikoni, sista, mzee wa wizara. Wote walijua jina langu. Mvua iligonga juu ya plastiki, wanawake walikuwa wanaimba kwa Tshiluba, lugha ya Kasai, na daktari akasogeza kiti chake karibu na changu.

"Ulisema unatafuta staji," alisema.

Sikuwa nimewahi kumwambia kwamba natafuta mahali pa mazoezi ya kazi. Nilijua ni nani aliyemwambia.

"Kuya siku ya kazi ya kwanza ya juma, asubuhi. Nafasi iko wazi sasa."

Mama yangu alinibana mkono kwa furaha, kisha akaona haya, akarudia kulia. Mimi nilisema merci, dokta.

Nilienda. Hospitalini walinionyesha chumba kidogo mwisho wa korido, kile alichofanyia kazi mama yule. Nyuma ya mlango kulikuwa na blauzi nyeupe ya kazi, kubwa, ya wakati alipokuwa mnene. Muuguzi aliitoa kwenye msumari, akanipa.

"Vaa tu. Tutaipunguza."

Niliirudisha mahali pake. Siku ile nilipokea wagonjwa nikiwa na nguo zangu za nyumbani, na kila aliyeingia, kabla hajakaa, nilimwangalia mkono.