Sharti Langu Moja

Nimechuma majani chai, nimesoma matangazo ya vifo redioni, nimeuza sabuni kwenye televisheni nikicheka na povu mpaka kwenye nyusi. Nimekuwa MC wa harusi za watu nisiowajua. Lakini kuanzia Boito mpaka Sigowet watu wananijua kwa kazi moja tu: yule mama mkwe wa vichekesho anayekataa kumtoa binti yake. Kila wiki wachumba walikuja, na kila wiki nilikuwa na sharti jipya. Leteni ng'ombe asiye na pembe. Leteni blanketi. Hapana, si hilo! Miaka sita nilikula kwa masharti hayo.

Nilijaribu kutoka. Niliomba nafasi kwenye mchezo wa huzuni, nikapewa nafasi ya mjane. Siku ulipoonyeshwa nililia kaburini kwa moyo wangu wote, na jirani akanipigia simu kunishukuru kwa kumvunja mbavu. Nilinuna wiki nzima.

Kisha ikaja zamu ya binti yangu wa kweli. Alipata kijana mpole, ambaye wazazi wake walitoka upande wa ziwa wakaja kufanya kazi kwenye kiwanda cha chai, wakakaa. Nilimpenda. Shida yangu ilikuwa moja: binti anasomea uuguzi na amebakisha mwaka mmoja na nusu. Msichana anayeolewa kabla ya kumaliza namjua vizuri, kwa sababu ni mimi. Niliacha chuo cha ualimu nikiahidiwa kwamba nitarudi, na sijarudi mpaka leo.

Kwetu, siku ya koito, watu wa mvulana wanapokuja kuomba msichana, wanaosema ni wazee na wajomba. Mama huulizwa mwishoni kama ana neno. Kwa hiyo sikumwambia mtu. Nililihifadhi neno langu nilitoe pale mbele ya wazee, ambapo halirudishwi. Chai ikapita, mursik, maziwa yetu ya kibuyu, ikapita, mahari ikazungumzwa kwa Kiswahili ili pande zote zisikie, nami nimetulia kama maji ya mtungi.

Mwishowe kaka yangu mkubwa akaniuliza. Nikasimama.

"Nina sharti moja," nikasema.

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Sharti lenyewe hata sikuwa nimelitaja! Baba wa kijana alikuwa anajipangusa machozi.

"Mama, hiyo tumeona kwa TV," akasema. "Leo ni ng'ombe ya rangi gani?"

"Baba, mimi sichezi. Mtoto amalize shule kwanza."

Wakacheka zaidi. Nikapandisha sauti, nikapiga meza, vikombe vikaruka. Hapo ndipo nilipojimaliza, maana yule mama mkwe hukasirika vivyo hivyo. Hasira ile sikuiokota barabarani, ilikuwa yangu, nilimgawia tu. Sasa niliihitaji mwenyewe na haikunifaa kitu. Kaka yangu, mtu aliyenibeba mgongoni, alikuwa ameshika tumbo.

"Wewe keti sasa, umetuchangamsha," akaniambia.

Wakakubaliana harusi iwe Desemba, bibi harusi ahamie kwa kina kijana. Binti akaitwa, akaulizwa kama amekubali, akasema ndiyo kwa sauti ndogo. Wanawake wakapiga vigelegele.

Nilimfuata jikoni. Alikuwa anasuuza vikombe, bado anatabasamu.

"Mbona umekubali tu?" nikamwuliza. "Wewe ndiye ulikuwa umebaki kunisaidia."

"Kukusaidia na nini, mum?"

"Umalize shule! Si umenisikia nikiwaambia?"

Aliweka kikombe chini, akaniangalia usoni, akitafuta mahali mchezo ulipo. Tabasamu likamtoka.

"Kumbe ulikuwa unamaanisha?" akasema. "Mum, si ungeniambia mimi?"