Hajashika Hata Ndoo

Kufika wiki ya saba, Damari alikuwa amemchoka mgeni, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Si kwamba mgeni alikuwa mbaya. Signe, binti kutoka Denmark aliyeletwa na chuo kimoja cha Iringa mjini akae Kalenga muhula mzima, alikuwa na adabu kuliko mabinti wengi wa pale. Alisema "kamwene", salamu ya Kihehe, hadi kwa watoto wa chekechea. Alikula alichopewa. Goodness, mtoto mchanga wa Damari, alipolia, alimpokea na kumzungusha uani mpaka anyamaze. Shida ni kwamba zaidi ya hapo hakuruhusiwa kufanya kitu, na kila asichokifanya yeye kilimwangukia Damari.

Aliyekataza ni mama mkwe, Bibi Apolonia. Bibi alikuwa kiongozi wa jumuiya, na Padre alipotangaza kwamba chuo kinatafuta nyumba za kupokea wanafunzi wa kubadilishana, yeye ndiye aliyesimama kwanza. Basi nyumba nzima ikawa inaishi kwa ajili ya jina lake. Alfajiri Damari anachemsha maji ya mgeni ya kuoga, kisha ya kunywa, kisha chai na yai. Anamfunga Goodness mgongoni, anachota maji bombani, anakwenda kwenye palizi. Akirudi, mgeni yupo barazani kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, mikono mapajani, anasubiri kama mtu aliyeitwa ofisini na hajui kosa lake.

Mwanzoni Signe alijaribu. Wiki ya pili alinyakua ndoo akaenda nayo bombani. Anjela, jirani ambaye kuwahi bombani kwake ni ibada, akamwangalia kuanzia viatu hadi nywele.

"Kwa Bibi Apolonia mmepata mfanyakazi wa Ulaya," akasema. "Na sisi mtuazime siku moja basi."

Maneno yalifika nyumbani kabla ya ndoo. Bibi alimpokonya Signe palepale mlangoni. Signe, ambaye darasani walishamfundisha methali, akasema polepole, kwa kujiamini kabisa, "Bibi, mgeni siku mbili. Siku ya tatu, mpe jembe."

"Hiyo ni ya watu wa pwani," Bibi akajibu. "Hapa Kalenga mgeni anakula."

Damari alikuwa anamenya viazi, akainamisha kichwa. Yeye mwenyewe alikuja pale miaka minne nyuma, ameolewa kutoka Iyunga kule Mbeya, Kihehe hajui hata neno. Siku ya tatu alipewa jembe, na hakuwa ameliomba.

Tangu hapo Signe akawa anamfuata nyuma ya jiko, pale Bibi asipoona, wanamenya viazi pamoja. Damari alimwambia majina ya vitu, naye akayaandika kwenye daftari kwa mkono wenye utomvu wa viazi.

Ndipo ikaja fomu. Mwalimu Gerson wa chuo aliileta, akasema ataifuata Jumatatu. Macho ya Bibi hayakuona vizuri maandishi madogo, kwa hiyo Damari, mwenye mwandiko mzuri wa darasa la saba, ndiye aliyesoma. *Eleza kazi anazofanya mwanafunzi nyumbani.*

Bibi akakaza kanga kiunoni.

"Unaona? Wanatupima. Wanataka kujua kama tunamtesa mtoto wa watu."

"Labda wanauliza tu, mama."

"Andika. Tangu afike hajashika jembe. Hajashika hata ndoo. Hajafua hata leso yake."

"Mama, niweke kwamba viazi anajua kumenya?"

"Viazi kamenya wapi?"

Damari akaogopa. "Basi, mama," akasema, akaandika kama alivyoambiwa. Bibi akamwomba amsomee tena, akatabasamu.

Jumatatu Mwalimu Gerson aliichukua, na wiki mbili baadaye alirudi nayo kwa pikipiki. Alikunywa chai kwanza, akasifu mahindi, ndipo akaitoa fomu.

"Bibi, kwa maandishi haya binti ameshindwa."

"Ameshindwa nini? Si amenenepa?"

"Amekuja kujifunza maisha ya hapa. Alama za nyumbani ni nusu ya muhula wake, na huku amepata sifuri. Fomu ya mwisho ikija hivihivi, anarudi kwao mikono mitupu, anaanza mwaka upya."

"Kwa hiyo ningemtesa ndiyo angefaulu."

"Si kumtesa, Bibi. Awe mtoto wa nyumbani."

"Mwalimu, wewe kwenu wapi?"

"Njombe."

"Na Njombe mgeni analimishwa?"

Mwalimu Gerson akaangalia kikombe chake. Njombe mgeni halimishwi, na wote walijua.

Aliwasha pikipiki akaondoka. Bibi akaingia ndani kulala mchana, jambo ambalo hakulifanya hata alipofiwa. Signe alikaa nyuma ya jiko, pua nyekundu, akirarua karatasi moja moja kutoka kwenye daftari lake. Damari alimwangalia akaona hasira inampanda, na hakujua aielekeze wapi. Kwa Bibi? Kwa chuo kilichouliza swali bila kusema linaulizia nini? Mwandiko uliomwangusha Signe ulikuwa wake yeye. Alilijua lile la viazi, akaliacha.

Alisubiri siku mbili Bibi aseme kitu. Bibi aliwalisha kuku tu. Jumamosi asubuhi, Damari hakuchemsha maji ya mgeni. Alichukua majembe mawili, moja akampa Signe, wakapita njia kubwa mbele ya macho ya kila mtu.

"Mama Goodness," Anjela akaita akiwa kwake, "mgeni mmeshamchoka?"

"Tumemchoka," Damari akasema. "Sasa ni wa nyumbani."

Laiti kazi ingepungua. Signe alilima kwa moyo wote, na kwa moyo huohuo akafyeka mistari miwili ya maharage pamoja na majani. Ndoo yake ilifika nyumbani nusu. Alivunja chungu cha Bibi cha kupikia mboga, alichopewa na mama yake. Damari alifanya kazi yake, kisha akarudia ya Signe, na jioni mgongo ulimuuma mahali pawili. Alitaka kumwambia, "Kaa tu, dada, uniache." Kila mara alimeza.

Bibi naye hakula chakula kilichopikwa na mgeni. Alizungumza na kuku. "Nyinyi mnaona," aliwaambia. "Mwaka huu Apolonia amekuwa mwajiri."

Hivyo hadi siku alipopita kando ya shamba akamwona Signe ameshika jembe kwa mwisho wa mpini.

"Hivyo unapiga nyoka," akasema. Akaenda zake. Akasimama. Akarudi, akalinyakua jembe, akalima hatua tano ameinama. "Hivi. Umeona? Lete mkono. Si huo."

Kuanzia hapo hakunyamaza. Alimfokea kwa jembe, kwa moto, kwa kuni mbichi, kwa kukaa vibaya kwenye kigoda, kwa Kiswahili na kwa Kihehe. Signe alijibu "Ee, Bibi," na malengelenge ya mikono yakawa sugu. Anjela alikosa la kusema, akazungumzia mvua.

Mwezi wa tano, baridi imeanza, fomu ya pili ikaja. Bibi akaketi, akamwita Damari na kalamu.

"Andika. Aling'oa maharage yangu mistari miwili."

"Nimeandika, mama."

"Alivunja chungu cha mama yangu. Ugali wake una madonge. Kuni anapanga vibaya, nimemwambia mara tatu. Akiosha sufuria, ukoko anauacha."

Damari aliandika yote bila kupunguza hata moja. Yeye mwenyewe, mwaka wake wa kwanza, alifokewa hayohayo, na hakuna aliyempa fomu.

"Nafasi imebaki?"

"Mstari mmoja."

Bibi akatazama njiani. Signe alikuwa anakuja na ndoo kichwani, mkono mmoja umeishika, sketi imelowa.

"Maji anamwaga," Bibi akasema. "Lakini anafika."

Mwalimu Gerson aliisoma fomu hajashuka kwenye pikipiki. Aliisoma mara mbili, mabega yakimcheza kwa kicheko.

"Hii inatosha," akasema. "Hii ni alama zote."

Bibi alimwangalia kana kwamba mwalimu amechanganyikiwa, kisha akaenda kuwaeleza kuku.

Damari alirudi jikoni. Sufuria ilikuwa imeinamishwa vizuri juu ya kichanja, inang'aa upande wa nje. Aliigeuza. Ukoko ulikuwepo chini, duara zima. Akachota majivu, akakunja mikono ya blauzi, akaanza kusugua upya.