Sheikh wa Vigae

Ndevu zake ziliota mvi mapema, angali fundi mdogo wa kubebeshwa ndoo. Kufikia siku aliyooa zilikuwa nyeupe pe na zimeshuka hadi kifuani. Tena ngozi yake haikupatana na saruji, kwa hiyo alizoea kuoga palepale kazini na kubadili nguo kabla ya kurudi nyumbani. Mtu aliyekutana naye jioni alimwona mzee wa heshima ndani ya kanzu iliyopigwa pasi, kofia imekaa sawa, anatembea taratibu. Mwendo huo ulitokana na magoti, maana kutandika vigae ni kazi ya kupiga magoti kutwa, na yake yalikwisha kuchoka. Lakini watu waliuona kuwa ni utulivu wa elimu. Wakaanza kumwita Sheikh.

Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili aliitika.

Ukweli ni kwamba hakuwa amesoma. Alitolewa kwenye chuo cha Kurani akiwa mdogo, wazazi wake walipohama, na huko walikohamia hakuna aliyekumbuka kumrudisha. Alijua Alhamdu, sura fupi tatu, na basi. Sala yake aliisali safu ya mwisho, nyuma ya nguzo, akifuata migongo ya watu. Migongo ikiinama, naye aliinama. Ikienda chini, naye yumo. Kwa miaka mingi njia hiyo haikumwangusha.

Wala hakuwahi kutamka kwamba amesoma. Ila hakuwahi pia kutamka kwamba hakusoma. Akiulizwa jambo la dini, alizipitisha ndevu mkononi, akatazama chini kidogo, akasema, "Hilo lina kauli nyingi." Muulizaji aliondoka ameridhika, na pengine akaenda kuwasimulia wengine jinsi Sheikh asivyopenda kukurupuka. Penye msiba akiombwa dua, aliinua mikono na kunong'ona vitu ambavyo yeye mwenyewe hakujua vinaishia wapi, sauti akiishusha kila alipofika pagumu, na watu wakaitikia amina.

Jina lile lilimletea kazi. Kamati za misikiti zilipenda fundi wa sura hiyo, na kusema kweli mikono yake ilikuwa mizuri. Kigae alichokiweka yeye hakikulia ukikigonga, na maji ya udhu yalijua pa kwenda. Aliyemsifu kuliko wote alikuwa mama mkwe wake. Mama huyo alikuwa na mabinti kadhaa, na wakwe wa kila aina, lakini alipotaka kuwanyamazisha majirani alianza na maneno, "Mkwe wangu Sheikh anasema..." Yaliyofuata hapo mara nyingi yalikuwa ya kwake mwenyewe.

Mkewe alijua. Alikuwa amesoma hadi akahitimu, na alasiri aliwafundisha wanawake wa mtaani kwenye chumba cha mbele. Alijua tangu wiki ya kwanza ya ndoa, na hakusema neno. Mume alidhani amemficha. Wakati wa darasa alijitafutia safari, akaenda kuangalia bei ya saruji ambayo hakuwa na haja nayo.

Ikatokea kazi ya msikiti uliokuwa mbali kidogo na kwao. Ulikuwa wa zamani, kuba lake limeingia nyufa na sakafu imeinuka kama mkate uliozidi hamira. Waashi waliziba kuba, maseremala wakabadilisha mbao zilizooza kwenye roshani ya wanawake, ile ya juu yenye kiambaza cha mbao za kusukwa, ambayo aliye ndani huona chini na wa chini hamwoni. Yeye alipewa sakafu, sehemu ya kutawadhia, na kibla.

Kazi ya kibla aliipenda. Ule ukuta ulioingia ndani kwa mviringo, anaposimama imamu peke yake mbele ya watu wote, haukubali kigae kizima. Kila kimoja ilibidi akikate vipande vyembamba, apange kimojakimoja kufuata mkunjo, akisugua kingo hadi zikubaliane. Mule ndani sauti ilirudi. Akikohoa, kikohozi kilimrudia kimekuwa kikubwa kuliko yeye. Siku moja mchana, msikiti ukiwa mtupu, alijaribu kusoma sura fupi mule ndani, akajisikia anasoma vizuri kabisa. Akatabasamu mwenyewe, akarudi kwenye mwiko wake.

Siku ya kufungua msikiti ilipangwa kuanza na sala ya magharibi. Sehemu ya kutawadhia ilikuwa haijaisha, bado kuziba nafasi kati ya vigae, lakini watu walishindwa kungoja zaidi. Mafundi nao waliitwa, pamoja na familia zao. Yeye alivaa kanzu yake nzuri. Mkewe alipanda roshani pamoja na wanawake wengine, na mama mkwe alibaki nyumbani kwa sababu ya ngazi, akiagiza asimuliwe kila kitu.

Adhana iliadhiniwa. Watu wakajaa, harufu ya rangi mpya ikichanganyika na ya udi. Imamu hakuonekana. Baadaye ukaja ujumbe kwamba homa imemshika, asingojewe. Mwadhini, mtu mpole aliyeutumikia msikiti ule tangu ujana wake, alitazama safu za mbele, kisha akatazama nyuma, macho yake yakatua kwenye nguzo aliposimama fundi.

"Sheikh," akamwita, "karibu mbele."

Alijibu kwamba mwadhini yupo, asalishe mwadhini. Mwadhini akasema hawezi kusimama mbele ya mtu kama yeye. Fundi akasema ana kifua. Wakamwambia atasoma polepole. Kadiri alivyokataa ndivyo walivyompenda, maana kila mtu anajua kwamba mwenye elimu hujivuta nyuma. Mikono ikamshika mabegani kwa heshima, safu zikapasuka kumpisha, na alipozinduka alikuwa amesimama ndani ya kibla, uso kwa uso na vigae vyake.

Angeweza kugeuka hapo na kusema. Alilifikiria jambo hilo siku nyingi baadaye. Maneno yalikuwa mawili tu, sijui kusalisha, na yasingemuua. Lakini nyuma yake mwadhini alikuwa amekwisha kukimu sala, na ndani yake, tuseme ukweli, kulikuwa na kitu kidogo kilichofurahi.

Kitu hicho ndicho kilichomponza. Alhamdu aliisoma vizuri, na sauti ikamrudia nene na tamu kama ile ya mchana ule. Kichwa kikamvimba. Badala ya kushika moja ya sura zake fupi, akaanza sura ndefu aliyokuwa akiisikia redioni kazini, ambayo mwanzo wake aliujua na mwisho wake aliujua kwa mbali. Katikati ikamkatikia. Akarudi nyuma kuchukua kasi, akafika palepale, ikakatika tena. Mtu mmoja nyuma yake akamdokezea aya. Hakuidaka. Akadokezwa tena, jasho likaanza kumtiririka ndani ya kofia, akapiga takbira akarukuu.

Rakaa ya pili akaishika sura fupi kabisa na kuisoma mbio. Akakaa, akainuka kwa ya tatu, akaimaliza. Kufikia hapo kichwa chake kilikuwa kitupu. Siku zote alihesabu sala kwa migongo ya watu, na mbele yake hakukuwa na mgongo, kulikuwa na ukuta. Alipotoka kwenye sijda hakukaa. Alisimama kwa rakaa ya nne, kwenye sala ya magharibi ambayo hata mtoto anajua ni rakaa tatu.

Kule juu roshani kofi likalia, kiganja juu ya mgongo wa mkono.

Hakujua maana yake. Mwanamke anapoona imamu amekosea hapazi sauti, hupiga kofi, na wote waliosoma wanajua hivyo. Yeye alidhani ubao mmoja wa maseremala umeachia. Akaanza Alhamdu kimoyomoyo. Kofi likalia tena, kali zaidi, na nyuma yake wanaume watatu wanne wakasema Subhanallah kumzindua. Akaona wanamsifu Mungu, jambo jema, akaendelea. Subhanallah zikaongezeka, zikawa na haraka ndani yake. Ndipo akafanya lile ambalo imamu hafanyi. Aligeuka, mwili mzima, akawatazama.

Nusu ya watu walikuwa wamesimama wakimfuata, nusu wamekaa. Wote walikuwa wakimtazama. Kwenye nyuso zile hakuona hasira. Aliona watu wakielewa, mmoja baada ya mwingine, kama taa zinavyowashwa kwenye nyumba.

Mwadhini alisogea mbele, akamshika kiwiko taratibu kama anayemwongoza mgonjwa, akamweka kwenye safu, na kuimalizia sala mwenyewe.

Salamu ya pili ilipotoka tu, aliinuka. Viatu vyake vilikuwa kwenye rafu ya mlango mkuu, na kuvifikia ilibidi awapite watu wote. Akatokea mlango wa kutawadhia, juu ya vigae alivyokuwa hajaviziba, akaenda nyumbani peku. Njiani watu walimwamkia, shikamoo Sheikh, na kila shikamoo ilimchoma.

Mkewe aliporudi alikuwa na viatu vya mumewe mkononi. Aliviweka mlangoni, akaingia kutenga chakula. Walikula, vyombo vikaoshwa. Kisha mume akauliza, akiwa ameugeukia ukuta, kama ni yeye aliyepiga kofi.

"Ni mimi," mkewe akasema. "La kwanza na la pili."

"Kwa hiyo ulikuwa unajua."

"Mume wangu, nimelala na wewe chumba kimoja miaka yote hii. Nilikuwa nasubiri uniulize. Hukuuliza."

Mume akasema mkewe angeweza kumwambia. Mkewe akajibu kwamba kila darasa lilipoanza yeye alikwenda dukani kutazama saruji, sasa amwambie lini. Alilisema bila kicheko, lakini halikuwa na ukali, na hilo lilimuumiza zaidi. Ukali angeujibu.

Siku zilizofuata hakutoka. Simu ilipoita aliiacha iite. Aliona haya hata kusali mbele ya mkewe, akawa anangoja atoke ndipo atandike mswala. Asubuhi moja alichukua mkasi na wembe akaziondoa ndevu zote. Chini yake ulitokea uso wa mtu wa kawaida, kidevu kidogo chenye shimo, ambacho hata mkewe hakuwahi kukiona. Mkewe akamwambia kwamba ndevu hazikuwa na kosa.

Mwadhini alikuja kumtafuta. Hakumtambua mlangoni, akamuuliza kama baba mwenye nyumba yupo. Walipokaa alisema imamu amepona na amewagombeza wao kwanza: mtu kakataa mkamsukuma, mkampima kwa ndevu, hata kumuuliza hamkumuuliza. Mwadhini akaomba radhi. Yeye hakujua aiweke wapi radhi hiyo, maana hakuistahili. Alikuwa amekula heshima ya watu kwa miaka, na sasa anaombwa msamaha juu yake. Mwadhini akamaliza kwa kusema sehemu ya kutawadhia imebaki wazi na maji yanaingia chini ya vigae.

Akaenda. Alipiga magoti akiziba nafasi kwa saruji nyeupe huku watu wakitawadha kando yake. Bila ndevu hakuna aliyemjua. Wawili waliokuwa wakiosha miguu walikuwa wakisimuliana habari za sheikh aliyewasalisha magharibi ya rakaa nne, na msimuliaji aliigiza vile alivyogeuka, macho yamemtoka. Mwenzake alicheka hadi akafunga bomba. Fundi aliendelea kufuta kigae ambacho kilikwisha kuwa safi. Angenyamaza, wangemaliza na kuondoka.

"Ni mimi huyo," akasema. "Mimi si sheikh. Ni fundi tu, sikusoma."

Kicheko kiliisha. Mmoja akasema samahani, mwingine akatafuta viatu vyake. Haya haikumtoka kwa kusema, kama wasemavyo watu. Ilibaki palepale, ila sasa haikuwa na pa kujificha, na alimaliza kazi yake nayo.

Jioni alimwomba mkewe amfundishe. Walianza jikoni, mlango umefungwa, kwa herufi. Ulimi wake ulikuwa mgumu na mkewe hakumpendelea. Akikosea, alirudishwa mwanzo. Siku nyingine alikasirika akafunga juzuu, akatoka nje, akarudi. Msikitini alirudi kwenye safu yake ya mwisho, nyuma ya nguzo, lakini alikuwa akijitahidi kuhesabu mwenyewe.

Lililobaki ni mama mkwe. Habari zilikuwa zimemfikia vipandevipande, na alikuwa amezikataa zote akiziita husuda. Familia ilipokutana kwake, chakula kilipokwisha kuliwa, alitangaza kwamba Sheikh atawaombea dua. Majirani wawili walikuwepo, na mama aliwaalika kwa sababu hiyo hasa. Mikono ikainuliwa.

"Mama, siijui," akamwambia. "Sijawahi kuijua. Nilikuwa nanong'ona tu. Aombe mwanao, yeye amesoma."

Mama mkwe alimtazama kile kidevu kipya. Majirani walitazama sahani.

"Miaka yote hii nimejisifu kwa watu," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulikuwa unanisikia."

"Nilikuwa nakusikia."

Mkewe akainua mikono, akaomba dua, na wote wakaitikia amina, yeye kwa sauti ya chini kuliko wote. Mama mkwe hakumsemesha jioni yote ile. Watu walipoanza kuaga alimwita pembeni, bila Sheikh, bila jina lolote.

"Bafuni kuna kigae kimeinuka," akasema. "Hicho unakijua, au nacho ulikuwa unanong'ona?"

"Hicho nakijua, mama."

"Basi kakitazame."

Akapandisha mikono ya kanzu, akaenda kukitazama.