Siku Wakwe Walipopeana Migongo Darajani

Wenzangu mliokua Kasongo wakati wa Wabeleji, mnaikumbuka harufu ya sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, yenye mawese mapya, tukitoka shule na miguu myekundu kwa udongo? Vijana wa leo wanatia sombe vitu vya kopo, halafu wanashangaa haina utamu! Mimi nakumbuka zaidi kibanda cha nyasi nyuma ya misheni, ambapo Fureri mmoja, mtawa mwenye ndevu za rangi ya mahindi, alianzisha masomo ya ufundi wa ujenzi. Wanafunzi walikuwa wachache, na kaka yangu Feruzi alikuwa mmoja wao. Sisi wasichana tulichota maji ya matofali, kisha tukacheza matopeni, tukijenga madaraja ya vijiti vya muhogo.

Bwana kubwa wa teritware, Mbeleji aliyetawala wilaya yetu, hakuyaamini masomo yale. Kwake, mtoto wa Kasongo alifaa kuchonga viti tu. Akamwambia Fureri: wanafunzi wako wajenge daraja la miti kwenye kijito cha njia ya Kabambare. Likibeba uzito wa lori la pamba, shule iendelee. Likishindwa, kibanda kifungwe, vijana warudi shamba. Na shamba enzi hizo maana yake pamba, pamba ya lazima. Feruzi alikonda. Baba akawa anamwambia, "Kula, mutoto. Nyundo haishikwi na njaa."

Siku ilipofika, dereva wa lori akalitazama daraja, akakataa katakata. "Gari si yangu, na roho iko moja tu!" Bwana kubwa akavaa kofia yake, tayari kuondoka. Ndipo Mama, aliyekuwa akitoka shambani na kitunga cha muhogo kichwani, akapaza sauti: "Kama gari inaogopa, sisi hatuogopi. Uzito ni uzito. Watoto ni wetu, tupande!"

Watu waliokuja kutazama wakapanda, Wakristo kwa Waislamu, na mizigo yao. Baba akapandia upande huu. Lo! Upande wa pili akatokea Bibi, mama yake Mama. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, sembuse kubanana naye mabega. Baba akaruka chini kama mbuzi. Wanaume wengine, kila mmoja akimwona mkwewe, wakaruka pia. Bwana kubwa akapiga kelele kwamba linavunjika, akakimbilia migombani! Karani wake alijiziba mdomo kwanza, kisha akamweleza.

Lakini daraja lilibaki nusu tupu, na uzito haukutimia. Bibi ndiye aliyeamua: "Heshima iko mu macho. Leo tupeane migongo." Mama wakwe wakaangalia maji yanakotoka, wakwe zao yanakokwenda, na sisi watoto tukasukumwa katikati. Niliogopa jamani! Nilishika shati la Baba kwa mikono yote miwili. Chini nilimwona Feruzi, maji yamemfika kiunoni, ameweka sikio kwenye nguzo, anasikiliza.

Mti haukulia. Bwana kubwa akashuka mwenyewe, akapapasa viungo vya miti, kisha akamwambia Fureri aendelee na shule yake. Mama akalia, akacheka, akalia tena. Na yule dereva, kwa aibu, akavusha lori lake akipiga honi mpaka sokoni.

Baadaye kibanda kilipata kuta za matofali, kikapata chumba cha kufulia chuma, na wanafunzi wakaja kutoka Kabambare na Lusangi. Kabla Wabeleji hawajaondoka, mmoja wa wanafunzi hao alipelekwa mbali, chuo kikuu, kuusoma ufundi ule mpaka mwisho. Tulimsindikiza kwa ngoma na kuku. Furaha ile bado ninayo.

Siku hizi mjukuu wangu anasoma uhandisi chuo kikuu. Akili anazo, sikatai, ingawa hapigi msumari bila kujipiga kidole, na kila kitu anapima kwenye telefone. Juzi nilimuuliza, "Siku utamaliza daraja yako, nani atapanda kwanza?"

Akacheka. "Bibi, iko mashini ya kupima."

Haya, mashini ni sawa, na nashukuru tumefika huko. Lakini mashini haijui daraja ni la mtoto wa nani. Aniite tu. Nitakwenda kusimama juu.