Kiini cha Mama

Hapa sokoni Mutomo mama mmoja anauza miswaki ya miti. Harufu chungu ya maganda mabichi ikinifikia, narudi darasani kwa mawazo.

Mwalimu alikuwa ametuambia kila seli ya mtu ina kiini, na nusu ya kilichomo tumepewa na mama. Wangu alikufa kabla sijaijua sura yake. Kwa hivyo siku ya hadubini, wenzangu wakikwangua ndani ya shavu kwa njiti za kiberiti, mimi nilitumia mswaki niliotafuna njiani. Nilikwangua kwa nguvu, nipate seli nyingi.

Nikachungulia. Vilikuwa vyumba vyenye kuta nene, vimepangwa kama matofali.

“Mwalimu, mbona sioni kiini?”

Akainama, akatazama, akacheka. “Wewe, seli ya mtu haina ukuta. Hizi ni za mti wa mswaki wako.”

“Naweza kurudia?”

“Ngoja wenzako wamalize.”

Walipomaliza, hadubini ilifungwa kwenye sanduku, ikarudishwa shule tulikoiazima.

Nilienda nyumbani peke yangu, ulimi ukipapasa pale shavuni palipochubuka, mahali alipokuwa mama.